Bi Oleta Anakusanya Saini za Bangi

Mtu yeyote wa Kettle Fork, jimboni Oklahoma, ambaye leo ana mvi za kwanza kichwani na kitambi kinachojaribu bahati, alishawahi kungojwa na Oleta Fussell. Kubebwa na basi la shule ni jambo la kawaida, lakini kungojwa na Oleta kulikuwa na adabu yake. Mama huyu aliendesha basi la njia ya kaskazini kwa zaidi ya miaka thelathini, likipita kwenye mashamba ya ng'ombe na visima vya mafuta vilivyokwisha kukauka, na katika miaka yote hiyo hakupiga honi. Honi, alisema, ni ya walevi na ya mabwana harusi. Akifika mbele ya nyumba na mtoto hajatoka, alikunja mikono juu ya usukani akautazama mlango mpaka mlango wenyewe uone haya. Mtoto alitoka mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, kipande cha mkate kikining'inia mdomoni.

"Habari za asubuhi, Travis," Oleta alimwambia. "Ng'ombe wa baba yako wanakusalimia. Wao wameamka zamani."

Ndani ya basi lake hapakuwa na ngumi wala sigara. Bangi ndiyo usiseme. Mvulana mmoja, Dewey Killough, alipanda siku moja macho mekundu na koti linanuka kama nyasi zilizoungua. Oleta alinusa mara moja tu, akafungua mlango. "Shuka, mwanangu. Miguu uliyopewa na Mungu itembeze kabla hujaivuta ikaisha." Dewey alienda nyumbani kwa miguu kwenye tope la Februari. Baadaye Dewey yule yule akawa sherifu wa wilaya, mtu wa kofia pana na sauti nzito, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumkumbusha habari ile isipokuwa Oleta, ambaye alimkumbusha kila Krismasi, kwa sauti ya chini, akimpa kipande cha keki ya njugu.

Kwa hiyo mtu angekuja kuwaambia watu wa Kettle Fork kwamba mwanamke huyu ndiye atakayekaa juani kuwaomba waikubali bangi, wangemtazama kama mtu anayeapa kwamba ameona kambare juu ya nguzo ya simu.

Mambo yalianza na mguu wa kulia. Asubuhi moja Oleta alisimamisha basi kwenye lango la akina Beasley, watoto wakapanda, na mguu ukakataa kutoka kwenye breki. Aliuamuru, ukanyamaza. Aliuinua kwa mikono miwili kama mtu anavyoinua mfuko wa mbolea, ukarudi pale pale. Safari hii watoto ndio waliomngoja, kimya, mpaka damu iliporudi kwenye kazi yake. Alasiri ile ile aliukabidhi ufunguo wa basi ofisini. Daktari wa Tulsa alimwambia ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ule unaolitafuna ganda la mishipa polepole mpaka viungo visisikie tena vinachoambiwa.

"Kwa hiyo miguu yangu imekuwa kama mume wangu," Oleta alisema. "Inanisikia, ila haitaki."

Mume wake, Verlin, alicheka kuliko daktari. Verlin alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe, mtu ambaye mdomo wake haukuwahi kulala njaa. Siku za mnada maneno yalimtoka kama mahindi kwenye gunia lililotoboka, na siku zisizo za mnada yalimtoka vile vile, tofauti ni kwamba hakuna ng'ombe aliyeuzwa. Jumapili alikuwa shemasi wa kanisa la Kibaptisti, na huko pia alipokea sadaka kana kwamba anangoja mtu apandishe bei.

Miaka ilikwenda. Oleta akaingia kwenye fimbo, kisha kwenye kigari cha magurudumu kwa siku mbaya. Mbaya zaidi ilikuwa alfajiri. Misuli ya mapaja ilijisokota yenyewe kama mtu anakamua blanketi lililolowa, na hapo Oleta aliuma mto ili Verlin asisikie. Vidonge vya kulegeza misuli vililegeza misuli na akili kwa pamoja; akivimeza, alishinda sebuleni mdomo wazi, akisahau katikati ya sentensi alikuwa anamsema nani. Kwa mwanamke aliyekuwa na ulimi wake, hiyo ilikuwa hasara kubwa kuliko miguu.

Rafiki yake Wynema Fixico hakuipenda hali hiyo hata kidogo. Wynema alikuwa Mmuscogee, wa kabila la wenyeji wa asili wa pale pale, mpishi wa shule aliyestaafu, na kwa nusu ya maisha yao wanawake hao wawili walikuwa wamekunywa kahawa pamoja na kubishana kuhusu kila kitu. Binti yake aliishi Colorado, ambako sheria ilikuwa imeruhusu bangi. Wynema alipokwenda kumtembelea alirudi na kopo la biskuti za shayiri, akaliweka mezani kwa Oleta bila kusalimia.

"Unakula robo. Robo, si nusu. Hii si keki ya harusi."

Oleta alilisogeza kopo kwa fimbo. "Wynema, nilimshusha mtoto wa watu kwenye tope kwa ajili ya kitu hiki."

"Mtoto mwenyewe alikuwa mgonjwa?"

"Alikuwa mjinga."

"Basi. Ujinga haujapata biskuti yake. Wewe kula."

Hakula. Alilificha kopo kwenye jokofu la kugandisha, chini ya mifuko ya bamia, mahali ambapo Verlin hafiki kwa hiari yake. Lakini baada ya wiki moja ya alfajiri mbaya alipiga moyo konde, akakata robo, akaimeza kama mtu anayemeza kiapo. Kesho yake aliamka jua limekwisha kuingia chumbani. Miguu ilikuwa imelala kando yake, kimya. Aliitazama kama unavyowatazama wageni wenye kelele waliokaa mwezi mzima, kisha wakaondoka bila kuaga. Hakupona, hilo alilijua. Alilala tu. Lakini siku hiyo aliikumbuka kila sentensi aliyoianza, na Verlin akasemwa vizuri mara mbili kabla ya chakula cha mchana.

Siri hiyo ilidumu mpaka siku bamia zilipohitajika kwa chakula cha jioni na Verlin, kwa wema usio wa kawaida, akajitolea kwenda kuzichukua mwenyewe. Alikuta kopo. Akawaza moyoni: kumbe mke wangu ananinyima biskuti. Akala moja nzima, akaongeza ya pili kwa ajili ya dhuluma aliyofanyiwa, akapanda gari kwenda mnadani.

Wafugaji wa Kettle Fork bado wanausimulia mnada ule. Ng'ombe watatu wa kwanza waliuzwa kwa kasi ya kawaida. Wa nne alikuwa jike mwekundu mwenye doa jeupe usoni. Verlin alifungua kinywa, akamtazama, akakifunga. Ukumbi mzima ukanyamaza, maana hakuna aliyewahi kusikia Verlin Fussell akinyamaza.

"Jamani," alisema mwishowe, polepole, kila neno likija kwa miguu. "Jamani, mtazameni machoni. Nani kati yenu anastahili huyu?"

"Verlin, unaanzia bei gani?" mtu aliuliza.

"Bei," alijibu Verlin kwa huzuni. "Daima bei."

Walimshusha jukwaani kwa heshima, wakampa maji, wakamleta nyumbani wakidhani amepigwa na joto. Oleta alimtazama mara moja tu. Miaka thelathini ya basi la shule haikupita bure.

"Umekula ngapi?"

"Oleta, alikuwa na macho kama ya marehemu mama."

"Nimekuuliza umekula ngapi, Verlin."

Asubuhi, akili iliporudi, ndipo ugomvi ulipoanza. Verlin alizunguka jikoni akipiga meza. "Shemasi! Mimi shemasi wa kanisa, nimelewa bangi mbele ya ng'ombe! Na mke wangu anaificha nyumbani kama muuza unga! Dewey akijua atatuweka ndani wote wawili, na mimi sitaweza kulala kwenye kitanda cha jela na huu mgongo!"

"Hukuombwa kula," Oleta alisema. "Uliiba."

"Nimeiba ndani ya nyumba yangu?"

"Ndani ya jokofu langu."

Verlin alichukua kopo akalimwaga bwawani. Wynema alidai baadaye kwamba kambare wa bwawa lile hawakuwahi kuonekana na furaha vile. Lakini ndani ya nyumba furaha ilikwisha. Miguu ilirudia vituko vyake. Oleta hakuuma tena mto. Alikuwa amechoka kumhifadhia Verlin usingizi wake. Alfajiri ya tatu Verlin aliketi ukingoni mwa kitanda, ameushika mguu wa mkewe kwa mikono miwili, na mguu ukamtikisa yeye mzima, mwanamume wa kilo mia, kama ndama anayekataa kamba.

"Huwa hivi?" aliuliza. "Kila siku?"

"Siku nyingine huwa vibaya."

Verlin aliukanda mguu mpaka ukatulia. Kisha akasema, "Nitampigia Wynema. Alete nyingine."

Hapo ndipo Oleta alipomshangaza. "Hapana. Sitaki kula dawa yangu kama mwizi wa kuku. Nimetii sheria maisha yangu yote, Verlin. Kama sheria ni mbaya, ibadilishwe, nami niendelee kuitii."

Majira hayo ya joto watu wa mjini walikuwa wakizunguka jimbo zima wakikusanya saini, ili swali la bangi ya wagonjwa lipelekwe kwenye kura. Walikuwa na miezi mitatu tu ya kuzipata. Oleta aliwapigia simu, nao wakamletea fomu na vijana wawili waliovaa fulana zenye picha ya jani kubwa la kijani.

"Nyinyi mnaumwa nini?" aliwauliza.

"Hatuumwi, mama. Sisi ni wanaharakati."

"Basi zigeuzeni hizo fulana ndani nje. Hapa watu wananunua chakula cha mifugo."

Alijiweka mbele ya duka la vyakula vya mifugo, kwenye kigari chake, chini ya mwavuli wa ufukweni ambao haukuwahi kuuona ufukwe, Verlin pembeni na kiti cha kukunja. Jua la Julai liliunguza mpaka lami ikanata viatuni. Siku ya kwanza haikuleta kitu. Watu waliliona bango, wakakumbuka kwa ghafla kuwa wana haja upande wa pili wa barabara. Verlin alijaribu kuwanadia: "Saini moja, saini moja, nani ananipa mbili?" Mambo yakazidi kuharibika. Oleta akamfukuza akanunue barafu.

Siku ya pili alibadilisha mbinu. Alimwona Travis yule yule, sasa fundi wa mabomba mwenye upara, akipita mbali huku ameinamisha kofia.

"Travis!" Hakupaza sauti sana. "Nakuona. Hata utotoni ulikuwa unajificha nyuma ya ule mti, na mti wenyewe ulikuwa mwembamba."

Travis alikuja, akivuta miguu. "Bi Oleta, si kwamba sitaki. Mke wangu atanisema."

"Nilikungoja miaka kumi na miwili, Travis. Mvua na theluji. Siku moja nilikungoja unatafuta suruali. Mimi nakuomba usome karatasi tu. Ukimaliza kusoma, ukitaka kwenda, nenda."

Travis alisoma. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya utani tena, kama dawa hiyo ingemsaidia mtu mwenye kifafa. Ana mpwa wake. Oleta hakumdanganya, alisema hajui, si daktari, lakini angependa daktari wa mtoto huyo aruhusiwe kulijibu swali lile bila kuogopa. Travis akatia saini. Mchana wake akarudi na mkewe, aliyekuwa amekuja kumsema kweli, na aliyeondoka naye amesaini.

Tangu hapo hakuna aliyepita salama. "Charlene, wewe uliyetapika kwenye kofia yangu ya Pasaka." "Ronnie, bado unadai mbwa ndiye aliyekula daftari?" Walikuja wakicheka, wakiinamisha vichwa, watu wazima wenye wajukuu, wakapanga foleni kama zamani, na wengine bado walisukumana. Wapo waliosoma wakakataa. Oleta aliwashukuru kwa kusoma. Na wapo waliosubiri foleni iishe ndipo wakainama karibu na sikio lake: mume mwenye saratani asiyeweza kushika chakula tumboni, mama ambaye mikono imekunjamana, mwanajeshi mstaafu asiyelala. Oleta hakujua kwamba wilaya ile ndogo ilikuwa imeficha maumivu mengi kiasi hicho. Naye alikuwa mmoja wao. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na Kettle Fork yote ilikuwa ikificha nyuma ya mapazia ya maua.

Sherifu Dewey Killough alifika siku ya nne. Aliegesha gari, akavua kofia.

"Bi Oleta, kuna mtu amelalamika. Anasema unazuia njia."

"Kigari changu kina upana wa kiroba kimoja. Huyo mtu ni mnene kiasi gani?"

Dewey aliuma mdomo ili asicheke. "Sitasaini, nakwambia mapema. Nimeokota watoto barabarani baada ya ajali. Sitaki sababu nyingine ya kuwaokota."

"Sijakuomba usaini, Dewey. Nakuomba usogee, unanizibia upepo."

Alisogea. Baada ya nusu saa alirudi na ndoo ya barafu na chupa za maji, akaziweka chini ya mwavuli, akaondoka. Lakini hakusaini.

Saini zilitosha, za jimbo zima. Kisha mawakili wakagombana mahakamani juu ya maneno ya swali lenyewe, na kura ikasogezwa mbele mpaka ikawa miaka miwili. Katika miaka hiyo Oleta aliacha fimbo kabisa akabaki na kigari, na Mchungaji Hollis akamwita Verlin ofisini. Mchungaji huyu alikuwa ametoka Texas akiwa mtu mzima, kwa hiyo ndiye pekee wilayani ambaye hakuwahi kungojwa na Oleta, na hilo lilionekana. Alimwomba Verlin apumzike ushemasi "kwa muda". Verlin alirudi nyumbani akakaa uani mpaka chakula kikapoa. Oleta alimtolea sahani nje.

"Unajuta?" alimuuliza.

"Najuta kumwaga zile biskuti," alisema Verlin.

Wiki chache kabla ya kura uliitishwa mjadala kwenye ukumbi wa zimamoto. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya ngazi za gari la zimamoto. Meza ya mbele walikaa Mchungaji Hollis, Sherifu Dewey na Oleta, na katikati yao jagi kubwa la maji ya ndimu. Mchungaji alisema kwa upole, na si kwamba alisema upuuzi: leo ni dawa, kesho ni starehe, keshokutwa ni watoto wetu. Dewey alieleza ajali alizoziona. Oleta alisikiliza kwa makini. Alikuwa na hotuba kichwani, ya adabu, ambayo Verlin alikuwa amemshauri aiongezee vichekesho na yeye akakataa. Asubuhi hiyo hakumeza vidonge, ili ulimi wake uwe mzima.

Mchungaji alikuwa anasema, "Dada yetu Oleta tunampenda, na maumivu yake tunayajua," ndipo mguu ukaamka. Ulichomoka mbele kwa nguvu zote za miaka ile ya breki, ukaipiga meza kwa chini, jagi likapaa, na maji ya ndimu yote, na barafu yake, yakatua kwenye mapaja ya Mchungaji Hollis.

Mchungaji alitoa sauti ambayo haimo katika kitabu chochote cha nyimbo za dini. Ukumbi ukavunjika mbavu. Verlin, huko nyuma, alipiga goti lake na kofia. Kisha, mmoja mmoja, waliacha kucheka, maana mguu ulikuwa haujaacha. Uliendelea kujisokota na kurusha, na mwili mzima wa Oleta ukitikisika nao, uso umekuwa mweupe, mikono imeshika kigari. Hawakuwahi kuuona. Miaka yote hiyo alikuwa amevaa sketi ndefu na kukaa benchi la nyuma kanisani. Ilichukua muda, na watu wote wa Kettle Fork walikaa wakamngoja.

"Samahani, Mchungaji," alisema pumzi iliporudi. "Mimi nilitaka kusubiri zamu yangu. Mguu umeomba kutangulia."

Aliirekebisha sketi yake, akaendelea.

"Hivi ndivyo ninavyoamka. Sikuwaambia, kwa hiyo hamwezi kusema mnayajua. Mimi si mtetezi wa uvutaji. Aliyevuta kwenye basi langu nilimshusha, na yupo hapa leo, amekuwa mtu mzuri, ana nyota kifuani na bastola." Hapo vicheko vilirudi, na shingo ya Dewey ikawa rangi ya nyanya. "Nitamshusha na mwingine kesho. Ninachoomba ni kimoja. Nimeipata dawa inayonipa usingizi na kuniachia akili yangu. Naomba niongee na daktari wangu juu yake waziwazi, na nisiwe mhalifu kwa sababu ya miguu yangu. Basi."

Dewey alisimama. Alikuwa ameshika karatasi za kufutia, akimsaidia Mchungaji kukausha suruali. "Ile siku nilistahili," alisema. "Ila bado nitapiga kura ya hapana, Bi Oleta."

"Ndiyo maana inaitwa kura, mwanangu. Ingekuwa basi, ningekwambia ukae chini."

Jimbo lilisema ndiyo. Wilaya yao yenyewe ilisema hapana, kwa kura chache za aibu, na Wynema hakumwachia Oleta nafasi ya kupumua: mwanamke aliyeshinda Oklahoma akashindwa nyumbani kwake! Oleta alijibu kuwa wale ni waliochelewa, walifikiri atawangoja hata kwenye kituo cha kura. Alikwenda kwa daktari kwa mlango wa mbele, akapata kadi yake, yenye picha aliyotoka kama mtu aliyekamatwa akiiba farasi. Mchungaji Hollis alimwita Verlin tena, akamwambia ushemasi unamsubiri. Verlin alimshukuru. Alisema amezoea kukaa benchi la nyuma, kando ya mkewe, na kwamba kule nyuma ndiko usingizi ulikokuwa siku zote, hakuna aliyewahi kumwambia.

Dawa haikumponya Oleta. Ugonjwa uliendelea na kazi yake, na mkono wa kushoto nao ukaanza kutosikia. Alikula robo yake ya biskuti, akalala, akaamka na akili zake, akazitumia kulalamika. Maana maduka ya bangi yaliota kama uyoga baada ya mvua, yenye taa za zambarau na majina ya kipuuzi, na moja lilisimamisha bango la jani kubwa mbele kabisa ya kituo cha basi la shule. Oleta alimpeleka mwenye duka mbele ya baraza la mji, na shahidi wake wa kwanza, aliyekuja kwa hiari na kofia mkononi, alikuwa Sherifu Killough. Bango liliondolewa.

Kisha Wynema alivunjika nyonga akahamia makao ya wazee, na huko msimamizi akamnyang'anya matone ya bangi aliyoruhusiwa na daktari kwa maumivu, akisema nyumba haitaki matatizo, awe na kadi au asiwe nayo. Verlin alimpakia Oleta garini siku hiyo hiyo.

"Wewe usiseme kitu," Oleta alimwonya njiani. "Mimi ndiye nitakayesema."

"Hata salamu?"

"Salamu moja."

Salamu ya Verlin ilichukua karibu saa nzima na ikamwingiza humo yule ng'ombe mwekundu. Msimamizi, bibi mpole aliyekuwa na hofu zaidi kuliko ubaya, alisema ni lazima bodi ikae. Walirudi Alhamisi. Wakarudi na Alhamisi iliyofuata, safari hii na Travis, na Charlene, na wengine waliokuwa na wazazi mle ndani, wakijaa kwenye viti vya mapokezi na kusoma magazeti ya mwaka juzi. Wynema alisukumwa na kigari chake akaja kukaa nao.

"Mmeleta nini?" aliuliza.

"Tumeleta haki zako," Oleta alisema.

"Mngeleta na kuku wa kukaanga. Chakula cha hapa kimepikwa na mtu mwenye kinyongo."

Bodi ilikaa, ikakubali: kila mwenye kadi awe na kisanduku chake chenye kufuli, chumbani kwake, na ufunguo wake mwenyewe. Wynema aliweka matone yake humo, na juu yake akajaza pipi za karanga, kwa sababu bibi wa kitanda cha jirani alikuwa na mkono mrefu.